Kiboko Amelala: Maoni Kuhusu Istilahi 'Kiolesura' na Dhana ya Patano katika Uandishi wa Programu

1.0 Utangulizi

Makala haya yananuia kujadili istilahi moja tu, nayo ni kiolesura, jinsi inavyotumika katika uandishi wa programu za kompyuta unaozingatia vitu. Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza kwa nini suala la wataalamu wa kompyuta liletwe mbele yake. Jibu letu ni kwamba dhana inayobebwa na istilahi hiyo si ngeni kwa wanaisimu wa Kiswahili. Wamekuwa wakiijadili kwa miongo mingi chini ya jina la upatanisho wa kisarufi, ingawa hawakujua kuwa wanafanya hivyo. Na wenzao wa kompyuta nao wamekuwa wakiifundisha kwa Kiingereza bila kujua kwamba mwanafunzi aliye mbele yao huitumia dhana hiyo hiyo kila anapofungua kinywa.

Tutatetea hoja tatu. Kwanza, istilahi kiolesura inafaa kwa uso wa programu unaoonwa na mtumiaji, lakini inapotosha inapotumika kutaja makubaliano baina ya sehemu za programu zenyewe. Pili, sarufi ya Kiswahili ina mfano kamili wa makubaliano ya namna hiyo. Tatu, makubaliano hayo yapewe jina lake, na jina tunalopendekeza ni patano. Mifano tutaichota Mpanda na katika mkoa wa Katavi kwa jumla. Tumefanya hivyo kwa kuwa eneo hilo linatoa mifano iliyo wazi, na pia kwa kuwa mwanafunzi tunayemfikiria ni yule anayejifunza mbali na vyuo vikuu, asiye na mtu wa kumfafanulia neno ambalo kitabu hakikulifafanua.

2.0 Dhana Yenyewe

Tuanze na jambo linaloonekana kwa macho. Tawi la Reli ya Kati linalotoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya machimbo ya madini ya risasi. Upana wake, kama ulivyo wa reli ya zamani ya kati, ni milimita 1000. Machimbo hayo yalipofungwa, reli haikubadilishwa. Mabehewa yaliendelea kupita juu yake yakiwa na mazao na abiria. Reli haiulizi behewa limebeba nini wala limeundwa wapi. Inadai jambo moja tu, kwamba magurudumu yaachane kwa upana uliokubaliwa. Reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1975, ilijengwa kwa upana wa milimita 1067 ili iafikiane na reli za Zambia. Tofauti hiyo ya milimita 67 inatosha kulizuia behewa lililotoka Mpanda lisiingie katika TAZARA, na ndiyo maana huko Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokutana, shehena hulazimika kuhamishwa. Makubaliano ya upana ni jambo dogo kwa maelezo, lakini ndiyo yanayoamua nani anaweza kushirikiana na nani.

Sasa tutazame programu. Katika uandishi unaozingatia vitu, programu hujengwa kwa vitu vinavyoagizana kazi. Kila kitu kina taarifa zake na vitendo vyake, na klasi ni kigezo ambacho vitu vya aina moja huundwa kwacho. Mtazamo huu ulianzia Norway katika lugha ya Simula ya mwaka 1967, kazi ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, ilikipa nafasi ya pekee ya kisarufi kile ambacho walimu wetu hukiita intafesi, nasi kwa sasa tutakiita patano. Patano ni orodha ya vitendo vyenye majina, inayoeleza kila kitendo kinapokea nini na kinarudisha nini, lakini isiyosema kitendo hicho kinatekelezwaje. Klasi inayotangaza kwamba imelikubali patano hulazimika kuvitoa vitendo vyote vilivyoorodheshwa. Isipofanya hivyo, kompaila, yaani programu inayoitafsiri lugha hiyo kwa mashine, huikataa. Kitabu cha Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides kuhusu ruwaza za usanifu wa programu, kilichotoka mwaka 1994, kiliifanya kanuni hii kuwa ya msingi: mwandishi wa programu ategemee ahadi iliyotolewa na kitu, asitegemee jinsi kitu hicho kilivyoundwa ndani.

Faida ya kanuni hiyo inaonekana vizuri katika historia ya utawala ya Mpanda. Mzee aliyezaliwa Mpanda mwaka 1965, na ambaye hajawahi kuhama, amekwisha kuishi katika mikoa mitatu. Alizaliwa katika mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 akajikuta katika mkoa mpya wa Rukwa. Na mwaka 2012, ilipoanzishwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, akawa mkazi wa Katavi. Nyumba yake haikusogea hata hatua moja.

Tuchukue basi programu ya kufikirika inayokusanya taarifa za zahanati. Mwandishi wa kwanza ameandika ndani ya programu yake kwamba taarifa za Mpanda zipelekwe Sumbawanga, makao makuu ya Rukwa, na sharti hilo amelirudia katika sehemu nyingi. Mwaka 2012 ulipofika, ilimbidi aitafute kila sehemu hiyo na kuiandika upya. Na moja aliyoisahau iliendelea kupeleka taarifa kwa bwana asiyekuwepo tena. Mwandishi wa pili alianza kwa kutangaza patano: chochote kinachopokea taarifa lazima kiwe na vitendo viwili, kuzipokea taarifa na kukitaja kilicho juu yake. Zahanati, wilaya na mkoa, kila kimoja kwa namna yake, vinalitimiza patano hilo. Kwa mwandishi huyu, mwaka 2012 haukubadilisha mstari wowote wa programu. Kilichobadilika ni jibu tu ambalo Mpanda inalitoa inapoulizwa ni nani aliye juu yake. Hili si jambo la kufikirika tu. Mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ulioandikwa kwa Java na unaotumiwa katika sekta ya afya nchini Tanzania, huihifadhi mikoa na wilaya kama data, si kama sehemu ya programu, ili mipaka inapobadilika programu isilazimike kuandikwa upya.

3.0 Upatanisho wa Kisarufi kama Patano

Tutazame mifano ifuatayo, ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anaifahamu:

(1) a. Kiboko kimekatika.
    b. Kiboko amelala.
(2) a. Viboko vimekatika.
    b. Viboko wamelala.

Katika (1a) na (2a) tunazungumzia mjeledi. Katika (1b) na (2b) tunazungumzia mnyama wa mto Katuma, ambaye wakati wa kiangazi, maji yanapopungua katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hujazana na wenzake kwa makundi makubwa katika madimbwi yaliyosalia. Mjeledi wenyewe ulipata jina kutokana na ngozi ya mnyama huyo. Umbo la nomino ni moja katika umoja na ni moja katika wingi. Upatanisho ni tofauti kabisa.

Mifano ya namna hii ndiyo iliyozua mjadala wa ngeli. Wanaofuata kigezo cha kimofolojia, kwa njia iliyofunguliwa na Bleek na Meinhof, humweka kiboko mnyama pamoja na kiti na kisu, kwa kuwa umbo lake ni la ki-/vi-. Wanaofuata kigezo cha kisintaksia humweka pamoja na mtu na mtoto katika ngeli ya A-WA, kwa kuwa hivyo ndivyo kitenzi kinavyopatana naye. Kila upande umeuona mwingine kuwa na kasoro. Kwa maoni yetu pande zote mbili ni sahihi, kwa sababu zinajibu maswali mawili yaliyo mbali mbali. Umbo la nomino linajibu swali la kitu hiki kimeundwaje. Upatanisho unajibu swali la kitu hiki kimeahidi nini kwa maneno mengine ya sentensi. La kwanza ni swali la klasi. La pili ni swali la patano.

Tazama zaidi:

(3) a. Tembo amelala.
    b. Mtoto amelala.
    c. Kipofu amelala.
    d. Daktari amelala.

Nomino hizi nne hazilingani kwa umbo. Hata hivyo kitenzi amelala hakihitaji kujua tofauti zao. Kinachodai ni kwamba nomino ikubali kuwakilishwa na a- katika umoja na wa- katika wingi. Nomino yoyote inayotaja kiumbe chenye uhai, hata ikitoka lugha ya kigeni jana, inaweza kuingia hapo bila kitenzi kurekebishwa. Hii ndiyo hasa kazi ya patano katika programu: kumruhusu mgeni aingie bila wenyeji kujengwa upya.

Mfanano huu unakwenda mbali kuliko inavyodhaniwa. Katika Java klasi moja hairithi klasi mbili kwa wakati mmoja, lakini inaweza kutimiza mapatano mengi. Wanafunzi wengi hulikariri jambo hilo bila kuona sababu yake. Lakini tazama:

(4) a. Rafiki yangu amefika.
    b. Rafiki zangu wamefika.

Nomino rafiki ina umbo moja tu. Kwa kivumishi cha kumiliki inapatana kama nomino za I-ZI. Kwa kitenzi inapatana kama nomino za A-WA. Na yote hayo hutokea ndani ya sentensi moja fupi. Ndivyo zilivyo pia baba, mama na ndugu katika lugha ya kila siku. Umbo ni moja, mapatano ni mawili, na kila neno jirani linaangalia lile linalolihusu tu.

Aidha, zipo lugha za programu, kwa mfano Go iliyotangazwa mwaka 2009, ambazo hazidai klasi itangaze kwamba inatimiza patano fulani. Ikiwa vitendo vinavyotakiwa vipo, yatosha. Kiswahili nacho kimeifanya kazi hiyo tangu zamani. Neno kitabu lilitoka Kiarabu na kiplefti likatoka Kiingereza; katika lugha hizo ki haikuwa kiambishi cha ngeli. Lakini kwa kuwa maneno hayo yalifika yakiwa na sauti inayotakiwa, yalipokelewa bila kuulizwa hati, tukapata vitabu na viplefti.

Ni haki kukiri mipaka ya mfanano wetu. Upatanisho wa kisarufi hauna mwandishi, na hakuna kamati inayoweza kuubadilisha kwa azimio. Patano la programu huandikwa na mtu, tena mtu huyo anaweza kuliandika vibaya: akaorodhesha vitendo vingi mno, au vitendo ambavyo nusu ya klasi haziwezi kuvitimiza kwa ukweli. Vilevile kompaila hukagua kama kitendo kipo, haikagui kama kinafanya kilichotarajiwa, kama vile sarufi inavyoikubali sentensi iliyopatana vizuri hata inaposema uongo. Mipaka hiyo haiondoi hoja. Inamwonyesha mwanafunzi mahali pa kuwa mwangalifu.

4.0 Istilahi Kiolesura Ilikotoka na Upungufu Wake

Istilahi nyingi za kompyuta katika Kiswahili zilizaliwa, au zilisambaa, katika kazi ya kutafsiri menyu na maelezo ya programu zilizokwisha kuandikwa kwingine. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ni mfano mmojawapo wa kazi hiyo. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na hatuna nia ya kuidunisha. Lakini mfasiri wa menyu hukaa mbele ya kioo cha kompyuta. Anachokiona ni vitufe, madirisha na orodha. Mwandishi wa programu hukaa nyuma yake. Si ajabu basi kwamba neno lililochaguliwa lilifuata jicho la yule wa mbele. Kwa sikio la msomaji, kiolesura kinabeba ola, yaani tazama, na sura. Ni mahali pa kuitazama sura ya programu. Kwa kazi hiyo neno ni zuri.

Tatizo huanza neno hilo hilo linapohamishiwa nyuma ya kioo. Patano halina sura. Hakuna mtumiaji anayeliona, na programu inapoendeshwa halichori chochote. Mwanafunzi anayesoma kwamba klasi fulani inatimiza kiolesura fulani ana haki ya kujiuliza: sura hutimizwaje? Sura huonwa, hupambwa, hubadilishwa. Haitimizwi wala haivunjwi. Ahadi hutimizwa, na patano huvunjwa. Istilahi isiyokubali kuandamana na vitenzi vya dhana yake yenyewe inatoa ushahidi dhidi yake.

Madhara si ya nadharia tu. Kijana wa Mpanda husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, lakini darasa la sekondari lilibaki kwa kiasi kikubwa kama lilivyokuwa. Kijana huyo akifika kwenye sura ya kitabu cha programu inayohusu intafesi, hukuta fasili ya Kiingereza ambayo huikariri. Akitafuta msaada katika Kiswahili, huelekezwa kwenye kiolesura, naye hufikiri kwamba anasomeshwa namna ya kupanga vitufe. Lugha aliyoikimbilia imemwongezea giza. Kisha huambiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba dhana nzito za sayansi, naye huamini, kwa kuwa ushahidi anao mkononi.

5.0 Pingamizi Zinazotarajiwa

Pingamizi la kwanza ni kwamba kiolesura kimekwisha kuzoeleka, na kubadili istilahi kila mara huvuruga. Tunakubali. Hatupendekezi kiondolewe, bali kibaki pale kinapofaa, kwa uso unaoonwa na mtumiaji.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiingereza chenyewe hutumia neno moja kwa dhana zote mbili. Ni kweli, lakini neno hilo la Kiingereza hutaja mahali vitu viwili vinapokutana, bila kusema vinakutana kwa kutazamana au kwa kuahidiana. Kiswahili kilikwisha kuchagua upande pale kilipochagua sura. Huwezi kulitumia neno lililochagua upande kana kwamba halikuchagua.

Pingamizi la tatu ni kwamba ingetosha kulikopa neno intafesi, kama tulivyokopa kompyuta na programu. Ukopaji hauna aibu. Katika makala haya haya tumeandika klasi na kompaila. Lakini mtu hukopa asichokuwa nacho. Hapa dhana ipo nyumbani, na jina la jamaa yake lipo: patano na upatanisho ni watoto wa mzizi mmoja.

Yapo pia maneno mengine yanayoweza kupendekezwa. Mkataba ni neno zuri, lakini katika taaluma hii liko deni jingine litakalolihitaji: Bertrand Meyer na lugha yake ya Eiffel walianzisha katika miaka ya 1980 usanifu ambao kila kitendo hueleza masharti ya kabla na ya baada yake, na hayo ndiyo yanayofanana na mkataba wa kisheria. Muafaka nalo limekwisha kubeba mzigo wa siasa za Zanzibar kwa makubaliano ya vyama ya mwaka 1999 na 2001. Patano ni jepesi, lina wingi ulio wazi, mapatano, na linakubali vitenzi vyote tunavyovihitaji: kutangaza patano, kutimiza patano, kupanua patano, kuvunja patano.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi inapaswa kuundwa kutokana na dhana, si kutokana na neno la kigeni lililoibeba dhana hiyo. Neno la kigeni linaweza kuwa limebeba dhana mbili. Anayelitafsiri bila kulipasua huzirithi zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa na taasisi za uchunguzi wa Kiswahili, zinapokaa kuzitazama istilahi za kompyuta, ziwaite wanaoandika programu na si wanaozitumia tu. La pili linazihusu idara zetu wenyewe. Tumezoea kuifundisha ngeli kama jedwali la kukariri, na mwanafunzi huondoka akidhani kwamba kazi yake imekwisha anapomaliza mtihani. Tungeifundisha kama nadharia ya makubaliano, ya namna maneno yasiyofanana yanavyoweza kufanya kazi pamoja bila kila moja kuijua asili ya jingine, tungempa silaha atakayoitumia nje ya darasa la lugha.

Kijana wa Mpanda anayesema kwamba viboko wamelala, na ambaye hatathubutu kusema vimelala, amekwisha kutenganisha umbo la kitu na ahadi yake. Hakufundishwa na yeyote. Kilichobaki ni sisi kumwambia kwamba jambo analolijua ndilo hilo linaloandikwa katika kitabu chake cha programu, na kumpa neno la kulitajia.